Ulimi na Kibati: Nani Asogee?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, wakamtaka mtu afungue aingie ndani ndipo ahukumu. Hata aliyeingia, aghalabu huhukumu kwa yanayoonekana: dari, nakshi, samani na vyombo vya kabatini. Ni wachache mno watazamao ubavuni mwa fremu ya dirisha, pale kilipo kibati kidogo chenye tundu, ambacho kazi yake ni moja tu, nayo ni kuupokea ulimi wa komeo dirisha linapofungwa. Komeo hushikwa kila siku, husifiwa kwa uimara wake na hung'arishwa Idi ikikaribia. Kibati hukumbukwa siku ile dirisha linapokataa kufunga, na siku hiyo hukumbukwa ili kilaumiwe.

Ndani ya lawama hiyo mna swali la maadili lililo kubwa kuliko kibati chenyewe. Vitu viwili vilivyopaswa kukutana vinapokataa kukutana, ni kipi kinachopaswa kubadilika? Jibu la mazoea ni kwamba kibadilike kile kilicho chepesi kubadilishwa. Jibu hilo halihitaji fikira, na kwa sababu hiyo hasa lafaa kuchunguzwa.

Mazoea yenyewe huenda hivi. Masika yameingia, mvua imenyesha wiki nzima, na mbao zimekunywa unyevu. Mbao haivimbi sawasawa kila upande: kwa urefu wake hubadilika kidogo sana, lakini kwa upana, kukata nyuzi, huongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Dirisha lililofunga vyema mwezi wa Januari sasa linakwaruza fremu, na ulimi wa komeo unagonga ukingo wa tundu bila ya kuingia. Mwenye nyumba huchukua tupa, akalipanua tundu mpaka ulimi ukaingia, kisha akalala usingizi wake. Miezi miwili baadaye mvua zimekatika, mbao zimerudi katika upana wake, na kusi linavuma. Tundu sasa ni pana kuliko ulimi. Dirisha linagongagonga usiku kucha, skurubu zinalegea kidogo kidogo kwa mtikisiko, na mwizi mwenye kipande cha chuma amerahisishiwa kazi. Tupa ilitibu mwezi mmoja ikaharibu mwaka.

Fundi aliyekomaa huanza kwingine. Kabla ya kugusa chombo chochote huufuta ulimi wa komeo, akaupaka chaki au masizi, akalifunga dirisha taratibu na kulifungua tena. Alama iliyobaki kwenye kibati humwonesha ulimi unapogonga. Ikiwa umegonga ukingo wa chini wa tundu, basi dirisha limeshuka, na dirisha halishuki kwa kosa la kibati. Aghalabu ni bawaba ya juu iliyolegea, skurubu zake zikiwa zimekula mbao na hazishiki tena. Dawa yake ni kuzitoa skurubu, kuyajaza matundu kwa vijiti vya mbao vilivyotiwa gundi, kuacha ikauke, kisha kuzikaza upya. Dirisha hupanda mahali pake, na ulimi ukaingia katika tundu lile lile lililokuwa likilaumiwa. Kosa lilikuwa upande wa pili wa dirisha, mbali na pale kelele ziliposikika.

Hapa ndipo hoja ilipo. Wepesi wa kitu kubadilishwa si ushahidi wa kosa lake. Kibati hutiwa tupa kwa kuwa ki karibu, ni cha bei ndogo, na kimetulia mahali pamoja. Bawaba iko juu, ina kutu, na kuishughulikia kunataka ngazi na subira.

Mambo ya watu nayo huenda kwa kanuni hiyo hiyo bila ya mtu kuitamka. Bi harusi aingiapo katika nyumba ya wakwe, kila kisichopatana huambiwa akipatanishe yeye, kwa kuwa ndiye mgeni na ndiye mdogo. Asubuhi akiamka mapema ni wajibu wake, na akichelewa ni aibu ya mama yake. Mtumishi wa nyumbani hubadilishiwa saa zake za kula kila ratiba ya bwana inapobadilika. Kijana mwenye lahaja ya shamba afikapo mjini hujifunza kuyameza maneno yake, ilhali hapana aliyewahi kumwomba mtu wa mjini ajifunze kusikiliza. Katika kila hali hizi huenda ikawa kweli kwamba mdogo ndiye aliyekosea. Dhuluma iko katika kukata shauri kabla ya kupaka chaki.

Wapenzi wa mashairi wanalijua jambo hili kutoka katika kazi yao. Mshororo ukizidi mizani, neno ndilo linalokatwa. Inkisari inaruhusu, nayo ni ruhusa ya halali iliyowafaa malenga wengi. Lakini mtunzi mwaminifu, kabla ya kulikata neno, hujiuliza kama wazo lenyewe halikupinda: pengine neno ni zima, na kilichozidi ni maringo ya mshororo uliotangulia. Shairi lililojaa maneno yaliyokatwa hukamilika kwa hesabu ya silabi, na bado likasikika kama dirisha linalogongagonga.

Atakuwapo wa kujibu kwamba pasipo mmoja kukubali kusogea hapana dirisha litakalofungwa duniani, na kwamba kazi ya kupokea ni kazi ya kukubali. Jibu hilo ni la haki. Nyumba za chokaa na mawe hutulia na kupinda kwa miaka, na wanaoishi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, wanajua kwamba ukuta wa kale haurudi katika pembe zake kwa kuamrishwa. Huko fremu ikishahama, kibati lazima kiifuate. Swali ni namna ya kusogea.

Vibati vizuri hutengenezwa na matundu ya skurubu yaliyo marefu kidogo, si ya duara. Skurubu zikilegezwa, kibati husogezwa milimita moja au mbili, kisha zikakazwa tena. Majira yakibadilika, kinaweza kurudishwa. Kilichotiwa tupa hakirudi. Kwa hiyo ziko namna mbili za kukubali ambazo lugha huzichanganya kwa neno moja la uvumilivu: kusogea, ambako mwenye kusogea hubaki mzima na anaweza kurejea, na kukatwa, ambako mtu hupungua. Anayemwomba mwenziwe asogee kwa masika haya ana ombi la jirani. Anayemtaka akatwe kwa sababu ya mvua za mwezi mmoja ameomba kisichokuwa chake.

Ili kisogee bila ya kukatwa, kibati chataka kuchaguliwa na kutiwa kwa uangalifu tangu mwanzo. Karibu na bahari, chuma cha kawaida hakimalizi miaka mingi. Shaba nyeupe hufaa, na chuma cha pua hufaa zaidi, hasa kile cha daraja la 316, ambacho kimechanganywa na molibdeni ili kihimili chumvi. Skurubu nazo ziwe za madini hayo hayo, kwani skurubu ya chuma ndani ya kibati cha shaba huliwa upesi palipo na unyevu wa chumvi: madini mawili tofauti yakikutana katika maji ya chumvi, lile dhaifu humlinda mwenziwe kwa kuoza lenyewe. Tundu lizidi ulimi kwa kiasi kidogo tu, na mdomo wa kibati uwe umepinda ili uupokee ulimi kwa wororo. Fundi huichonga fremu kwa patasi kwa kina cha unene wa kibati, kikae sawasawa na uso wa mbao, na hutangulia kutoboa kwa keekee ili skurubu isiipasue. Baada ya hapo yatosha kukipangusa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, kukikausha, kuupaka ulimi nta ya mshumaa, na kuzitazama skurubu kila msimu unapogeuka. Kazi hiyo haifiki robo saa.

Limebaki gumu moja. Viko vibati vilivyokwishatiwa tupa, na dirisha likaja kutengenezwa bawaba baadaye, ukweli ukadhihiri. Bibi aliyezeeka katika nyumba ya wakwe, ambaye mambo mengi yalipatanishwa kwa kumpunguza yeye, harejeshewi ujana wake kwa wajukuu kugundua kwamba hakuwa na kosa. Kwa kibati, mwenye nyumba hununua kingine. Kwa fremu iliyochimbwa kupita kiasi, fundi hukata kiraka cha mbao ya aina ile ile, akakilaza nyuzi zake zifuate nyuzi za fremu, akakitia gundi na kukipiga randa. Kiraka huonekana kwa anayejua kutazama. Fundi mwema hakifichi kwa rangi nzito, na mwenye nyumba akiulizwa na mgeni husema wazi kwamba pale palikatwa, na kwamba hapakustahili kukatwa.