Ukichoka, Nani Atabaki na Funguo?

Waandishi wanaojua kompyuta wana tamaa moja: kujitengenezea programu yao wenyewe ya kuchapishia makala mtandaoni. Naielewa. Mtu anataka kila kitu kiwe chake, mpaka rangi ya kitufe. Lakini ukishawakaribisha wenzako waandike humo, hiyo si tena burudani yako peke yako. Ukichoka je?

Mwaka 2003 programu ya b2, iliyoundwa na Michel Valdrighi, ilikuwa imesimama, haiendelezwi. Ingekuwa imefungiwa kwake, ingefia palepale. Ila ilikuwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuchukua msimbo, kuubadili na kuusambaza. Matt Mullenweg na Mike Little wakauchukua, na tarehe 27 Mei wakatoa WordPress. Huo si wizi. Leseni ilishawapa haki hiyo.

Sawa, WordPress nayo ina vituko vyake: kusasisha kila mara, programu-jalizi zinazogombana. Na kujijengea ni raha kwelikweli, mtu anajifunza mengi. Jenga basi. Ila mimi, kabla sijakutumia shairi langu, nitakuuliza: huo msimbo uko wapi, na nani mwingine anaweza kuusoma?