Kidonge cha Majani



Leo, kabla hujamtwika punda wako shogi, tazama chini pale anapokula. Ukiona vidonge vya majani, vimetafunwa nusu, vimelowa mate, vimetemwa, usidhani amekinai. Huyo ana njaa. Anataka kula. Meno ndiyo yamekataa.

Meno ya punda huchomoza polepole karibu maisha yake yote, na majani huyasaga kila siku. Uzeeni mengine hubaki na ncha kali zinazokata shavu, mengine hung'oka. Majani makavu aliyoyafurahia zamani, sasa ni adhabu. Basi mlainishie. Mlowekee pumba. Mkatie majani mabichi, vipande vifupi. Mwite daktari wa mifugo amkwangue zile ncha.

Hapa Lamu, nyumba zetu zimepanda kwa mgongo wa punda. Mawe ya matumbawe, mchanga, boriti, vyote vilipita vichochoroni juu yake. Naye halalamiki. Maumivu huyaficha, hadi siku analala asiinuke. Mpunguzie mzigo. Mpunguzie mwendo. Usimtenge na mwenzake, maana punda aliyezoea mwenza, akiachwa peke yake, huweza kususa hata chakula.

Wengine humfungulia punda mzee njiani, ajitafutie jalalani. Hilo linaniuma sana. Jalalani kuna mifuko ya plastiki, na tumbo lake haliiwezi.

Asubuhi hii, kabla ya kazi, mpapase mbavu. Manyoya ya uzee huficha wembamba. Vidole vyako vitajua amekonda kabla macho hayajaona.