Mwenye Kuelekeza na Mwenye Kufyatua

Fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia Lamu hadi misikiti ya Chikongola mjini Mtwara, huwatofautisha watu wawili katika suala la kuua: mubashiri, yaani anayetenda kwa mkono wake mwenyewe, na mutasabibu, yaani anayesababisha tendo ambalo mkono wake haukuligusa. Wawili hao wakikutana katika tukio moja, hukumu kwa kawaida humwangukia mubashiri. Hata hivyo kanuni hiyo ina vighairi, na vighairi hivyo ndivyo vinavyosaidia kupima sifa na dhima ya watu wawili waliopewa nishani kwa kazi yao ya tarehe 11 Julai 1915 katika delta ya Rufiji.

Watu hao walikuwa John Tulloch Cull, rubani Mwingereza aliyeongoza kikosi kidogo cha ndege za jeshi la majini, na Harwood Arnold kutoka Kanada, aliyeketi pamoja naye kama mtazamaji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mahali makombora yanapoangukia na kuwaarifu wapiga mizinga. Shabaha yao ilikuwa Königsberg, manowari ya Kijerumani ambayo tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Kiingereza, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji, ambako meli kubwa za adui hazikuweza kuifuata. Rubani wa kwanza kuitafuta, H. D. Cutler, raia aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, alitekwa na Wajerumani Desemba 1914. Baada ya Waingereza kukiteka kisiwa cha Mafia mwezi uliofuata, uwanja wa ndege ulitengenezwa huko, na zikaletwa Severn na Mersey, manowari bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili na zenye uwezo wa kupita katika maji ya kina kifupi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wapiga mizinga wa manowari hizo hawakuiona meli waliyoipiga. Walirusha makombora juu ya msitu wa mikoko, wakitegemea alama za Morse zilizotumwa kwa redio kutoka angani. Tarehe 6 Julai manowari zote mbili zilifyatua kwa wakati mmoja, mtazamaji akashindwa kujua kombora lipi ni la nani, marekebisho yakachanganyika, na mamia ya makombora yakapotea bila kuimaliza Königsberg. Siku tano baadaye ilipangwa zifyatue kwa zamu. Mizinga ilikuwa ile ile na mto ulikuwa ule ule; kilichobadilika ni kwamba maneno ya kutoka angani yalieleweka. Ndege ya Cull ilipopigwa na injini yake kuharibika, Arnold aliendelea kutuma marekebisho huku wakishuka, na makombora yakawa yanaipata shabaha. Ndege iliangukia mtoni karibu na Mersey ikapinduka. Arnold akatupwa nje, naye Cull, ambaye hakuwa amefungua mikanda yake, akanaswa chini ya maji kwa muda kabla ya kujinasua. Wote wawili walitunukiwa nishani ya DSO, ambayo wakati huo Uingereza iliitoa kwa utumishi uliotukuka vitani.

Kwa mtazamo wa haraka Arnold ni mutasabibu tu, kwa kuwa hakufyatua hata kombora moja lililoipiga manowari ile. Lakini mafakihi walikwisha kueleza kwamba mubashiri akiwa hana utambuzi wa anachokitenda, kama vile mtoto mdogo anayetumwa, dhima humrudia aliyemtuma, kwa sababu mtendaji hapo amekuwa chombo. Mfano wa shahidi unakaribia zaidi: hakimu ndiye anayehukumu na mwingine ndiye anayetekeleza, ila mashahidi wakirejea na kukiri kwamba walisema uongo kwa makusudi, kisasi huwaangukia wao. Bila shaka wapiga mizinga wa Severn walikuwa watu wazima wenye akili, na Arnold alisema kweli tupu. Hata hivyo kwa habari ya shabaha wao walikuwa vipofu na yeye ndiye aliyekuwa jicho lao. Vifo vya mabaharia wa Königsberg ni vyake angalau kwa kiasi kile kile vilivyo vya wafyatuaji.

Wanateolojia wa Kikristo wanaweza kuleta hoja ya matokeo mawili, yaani kwamba tendo jema laweza kuruhusiwa hata likiwa na tokeo baya lisilokusudiwa. Hoja hiyo haimsaidii Arnold, kwa kuwa kuipiga meli ndiko kulikokusudiwa. Kinachoweza kumtetea ni uhalali wa vita vyenyewe, na hapo ndipo nishani inaponyamaza. Nishani hushuhudia ushujaa, na wa Arnold hauna shaka. Haishuhudii kwamba dola mbili za Ulaya zilikuwa na haki ya kupigania nchi ya watu wengine.

Tena vita havikuishia Rufiji. Wajerumani waliitoa mizinga 10 ya Königsberg kutoka katika meli iliyozama, wakaitengenezea magurudumu, na baadhi yake ikavutwa kwa nguvu za watu hadi kusini, ambako Waingereza walikwisha kuitwaa Mikindani mwaka 1916, na ambako Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano ya umwagaji damu ya Mahiwa, katika Mkoa wa Lindi wa leo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, homa na kuhara wakibeba mizigo ya vita hivyo. Ushujaa wao haukuwa mdogo kuliko wa mtu aliyetuma alama za Morse akiwa ndani ya ndege inayoanguka, lakini DSO ilikuwa nishani ya maofisa peke yao, na hakuna mpagazi aliyeweza kuipata kwa tendo lolote.