Nani Aliyewekewa Amana?

Lugha yetu inalo neno zito ambalo mara nyingi twalitumia bila kulipima: amana. Mtu anaposafiri akamwachia jirani mbuzi wake, au fedha, au ufunguo wa nyumba, hatusemi kwamba amempa wala kwamba amemkopesha. Amemwekea amana. Jirani yule hakupata haki ya kukitumia kitu, na hata hivyo kimo mikononi mwake. Angeweza kukiuza, kukificha, au kukikana mbele ya watu. Hapo ndipo penye uzito wa neno. Asiyeweza kufanya hiana hawezi kusifiwa kwa uaminifu, kama vile jiwe lisivyosifiwa kwa kutosema uongo.

Nimelirudia neno hili mara nyingi kwa sababu ya kitu ambacho msomaji huenda akashangaa kukikuta hapa, nacho ni yale majengo ya ghorofa nyingi ambamo magari huegeshwa kwa mashine, pasipo dereva wala mlinzi.

Kwa asiyeyajua, mambo huenda hivi. Mwenye gari huingia katika chumba kilicho usawa wa barabara, kikubwa kuliko gari kwa kiasi kidogo tu. Huzima injini, huvuta breki ya mkono, huteremka, hufunga milango na kutoka nje akiwa na kadi yake. Mlango wa chumba hujifunga, na vyombo vya kupimia huangalia urefu na kimo cha gari, na kama kuna kitu kinachojongea ndani. Kisha sakafu yenyewe, ambayo kumbe ni bamba la chuma, hubebwa na lifti pamoja na gari hadi ghorofa ya tano au ya kumi, husukumwa pembeni juu ya reli, na kuingizwa katika tundu lake kama mkate unavyoingizwa katika tanuri. Kompyuta huweka kumbukumbu ya nambari ya tundu. Mwenyewe akirudi na kadi yake, gari huteremshwa, na aghalabu huwa limekwisha kugeuzwa, pua ikitazama barabarani. Kwa kuwa hakuna mwenye gari anayetembea humo, dari huwa fupi. Kwa kuwa hakuna anayefungua mlango, magari hubanana. Wala hazihitajiki zile njia za kupandia zinazozunguka na kula nafasi. Kiwanja kilekile hubeba magari mengi zaidi, na kwa mji uliosongamana hiyo si faida ndogo.

Lakini wanaoyasifu majengo haya hawaishii kwenye nafasi. Husema pia kwamba hakuna mkono wa mtu utakaoligusa gari lako. Hatakuwepo wa kulikwaruza, wa kufyonza mafuta, wa kuiba redio, wala wa kulizungusha mjini usiku ukiwa umelala. Nisiwacheke. Yeyote aliyewahi kuacha gari Kariakoo, akamwahidi kijana asiyemjua kitu kidogo ili alitazame, anafahamu jinsi roho inavyokwenda mbio njiani wakati wa kurudi. Mashine haina njaa, haina deni, haina shemeji anayehitaji usafiri. Ukiitazama kwa upande huo, utaona ni mwekewa amana bora kuliko wote.

Mkono huo haukuondoka kwa siku moja. Mwaka 1907 kulikuwa na gereji mjini Paris, katika mtaa wa Ponthieu, kazi ya Auguste Perret, mmoja wa waliotangulia kuifanya saruji yenye nondo ionekane wazi katika uso wa jengo. Magari yalipandishwa kwa lifti na kusogezwa kwenye ghorofa za juu kwa daraja linalotembea. Jengo lile lilibomolewa mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1920, New York ilijengewa gereji za ghorofa nyingi ambamo kigari kidogo cha umeme kilijipenyeza chini ya gari, kikalishika ekseli na kulivuta. Katika zote hizo mashine ilinyanyua, bali mtu ndiye aliyeiongoza, na mwenye gari alimwona uso. Kompyuta ndizo zilizokuja kumwondoa.

Sasa nieleze kisa cha Hoboken, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Hoboken ni mji mdogo katika jimbo la New Jersey, Marekani, ng'ambo ya mto Hudson ukitokea Manhattan. Mitaa yake ni myembamba, nyumba zimeshikana, na kupata mahali pa kuegesha gari huko ni adha ya kila siku. Mwaka 2002 palifunguliwa gereji ya mashine yenye nafasi zaidi ya 300 katika mtaa wa Garden. Jengo lilikuwa la mji. Programu iliyoiendesha mashine ilikuwa ya kampuni iliyoitengeneza. Gari moja lilianguka humo ndani mwaka 2004 na jingine mwaka 2005, lakini ajali hizo sizo ninazozikusudia, kwani chuma huanguka popote. Kubwa lilitokea mwaka 2006. Mji na kampuni walikuwa wakivutana juu ya mkataba. Siku chache kabla mkataba haujaisha, polisi waliwasindikiza wafanyakazi wa kampuni hadi nje ya jengo. Leseni ya programu nayo ikafika ukomo, na mashine ikasimama. Mamia ya magari yakabaki ndani kwa siku kadhaa.

Wahenga walituachia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pale mali ilikuwapo, na daftari lilikuwapo, tena daftari lisilokosea hata tundu moja. Hakuna gari lililoibwa. Na bado mwenye gari alisimama barabarani na kadi mkononi, gari lake likiwa juu ya kichwa chake, asiweze kulifikia. Mji ulikuwa na kuta lakini haukuwa na haki ya kutumia maneno ya kuiamrisha mashine. Kampuni ilikuwa na maneno lakini imefungiwa nje ya kuta. Shauri likafika mahakamani, na hatimaye mji ukakubali kulipa dola 5,500 kila mwezi kwa leseni ya miaka 3.

Tuulize basi: magari yale yalikuwa amana kwa nani? Nikimwachia jirani mbuzi wangu, kisha jirani akagombana na fundi aliyemjengea banda, ugomvi huo haunihusu hata chembe. Nitakwenda kwa jirani, nitamwambia nataka mbuzi wangu, na ikibidi atalivunja banda kwa shoka mbele ya macho yangu, kwa kuwa aliniahidi yeye. Aibu yake ndiyo dhamana yangu. Hoboken haikuwa na mtu wa namna hiyo. Mashine haikumwondoa mwekewa amana, kama tulivyoambiwa. Ilimgawa vipande, huyu akashika ukuta, yule akashika programu, mwingine akashika mkataba, hata pasibaki kipande chenye ukubwa wa kutosha kuona haya.

Nadhani hiyo ndiyo hasara yenyewe, na haipimwi kwa siku ambazo magari yalikwama. Kijana wa Kariakoo aweza kuniibia. Nikimkuta nitamshika shati, nitamwita mwizi, na neno hilo litamuuma au angalau litasikika na majirani. Uhusiano wetu, hata ukiharibika, ni uhusiano. Mashine ikinizuilia gari, sina wa kumwita kwa jina lolote.

Kuna atakayenijibu kwamba twapanda lifti kila siku na twaweka fedha benki, na hatulii. Kweli. Ila ndani ya lifti nimo mwenyewe, siiachii kitu na kwenda zangu. Ikikwama nitapiga kelele. Benki nayo ina mashine nyingi, lakini sheria imekwisha amua zamani kwamba benki ndiyo inayodaiwa, na haiwezi kunielekeza kwa fundi wa kompyuta zake. Ubaya hauko katika chuma. Uko katika kukitanguliza chuma mahali ambapo hatujaamua bado nani ataitwa.

Na kuna mahali ambapo mashine hizi hazileti swali lolote. Kule Wolfsburg, Ujerumani, kando ya kiwanda cha Volkswagen, imesimama minara miwili ya vioo yenye urefu wa mita 48, kila mmoja ukiweza kubeba magari 400 mapya. Gari hutoka kiwandani kwa njia ya chini ya ardhi, hupandishwa mnarani, na huteremshwa siku mnunuzi anapokuja kulichukua, bila kuendeshwa hata kilomita moja. Ni tamasha la kupendeza. Lakini gari lile halijakabidhiwa kwa mnunuzi bado. Kiwanda kinahifadhi mali yake chenyewe. Hilo ni ghala, na ghala halihitaji maadili zaidi ya kufuli nzuri.

Japani wamekwenda mbali kuliko wengi katika jambo hili. Tangu mwaka 1962 wanayo sheria inayomdai mwenye gari awe na mahali pa kuliweka, na katika miji yao mikubwa minara myembamba ya kuegeshea imechomoza kati ya majumba. Mara nyingi utamkuta mzee amesimama mlangoni, amevaa glavu nyeupe, akimwelekeza dereva kwa mikono na kuinama kidogo wakati wa kumpokea na wakati wa kumwaga. Mtu mwenye haraka atauliza mzee huyo wa nini, ikiwa mashine inajua kila kitu. Mashine haijui kila kitu. Ilitokea watu, na watoto miongoni mwao, wakafa ndani ya vyombo hivi, baada ya mtu kudhani kwamba hamna mtu. Ndipo mwaka 2014 serikali ikatoa mwongozo wa usalama kwa ajili yake. Katika mashine nyingi za huko kipo kitufe kimoja ambacho kompyuta haiwezi kujibonyezea. Hukaa ukutani, nje ya mlango, na maana yake ni: nimeangalia, hamna mtu ndani. Mpaka kibonyezwe, chuma chote kile husimama na kungoja. Kwa hiyo mwenye gari, hata awe amechelewa kiasi gani, hana budi kurudi nyuma hatua mbili, ainame, atazame viti vya nyuma, azunguke upande wa pili, kisha anyooshe kidole.