Motakaa Yenye Chongo

Atembeaye usiku katika barabara ya Moshi na Arusha hukutana mara nyingi na motakaa yenye chongo, yaani iliyofiwa na taa moja ya mbele. Tukiiona twasema, "Huyu ataua watu," kisha twapita. Lakini yafaa tuulize, kosa hili ni la nani? Jibu lake si jepesi kama lidhaniwavyo.

Kwanza tuutazame ubaya wenyewe. Katika nchi yetu vyombo hushika upande wa kushoto. Basi taa ya kuume ikifa, ile iliyobaki huwa upande wa ukingo wa barabara, naye ajaye kutoka mbele hudhani ni pikipiki ijiendeayo pembeni. Nafasi aionayo tupu si tupu. Ndipo lilipo bavu la motakaa. Na kwa kuwa siku hizi bodaboda zimejaa katika kila njia, aliyedanganyika hivyo hatuwezi kumlaumu.

Je, mwenyewe ajua? Mara nyingi hajui. Ndani ya balbu ya halojeni mna uzi mwembamba wa madini ya tungsteni. Kwa joto jingi uzi huo hupungua kidogo kidogo, hata siku moja hukatika pasipo kelele. Nuru ya taa mbili huchanganyika barabarani, na moja ikizimika, ya pili humtosha dereva kuiona njia, hasa mjini penye taa nyingi. Motakaa nyingi za zamani hazina alama ya kumwonya. Asiposimama nyuma ya lori au mbele ya ukuta na kuona duara moja tu la nuru, aweza kwenda juma zima akijiona hana upungufu. Watu wote wa njiani wamekwisha kujua, ila yeye.

Hapo ndipo penye swali letu. Wako wasemao, "Mwenye macho haambiwi tazama." Methali hii ni njema mahali pake, lakini hapa haina kazi, kwa kuwa macho ya dereva yako nyuma ya taa zake. Wengine husema, "Anajua mwenyewe." Neno hili ndilo tulishtakilo zaidi. Kila mmoja akidhani ya kuwa mwenzake amekwisha kumwambia, mtu yule hupita mbele ya mashahidi mia asiambiwe na hata mmoja. Na kama kweli ajua, tumepoteza nini kwa kumwambia mara ya pili? Torati, katika Mambo ya Walawi, iliweka sadaka kwa kosa lililotendwa bila kujua. Tena papo hapo, katika mlango wa 5, yamtaja shahidi aliyeona akanyamaza, kwamba naye ana hatia. Wawili hawa wamewekwa jirani, wala hatudhani ni kwa bahati.

Hata hivyo hatuwatwiki wote mzigo sawa. Akutanaye naye njiani ana nafasi fupi, na lugha ya taa ni maskini: akimulika mara mbili, dereva hufikiri aambiwa kwamba askari wa barabarani wako mbele. (Ni ajabu kidogo: ishara ya kumwokoa mtu na faini yajulikana kwa madereva wote, na ya kumwokoa na mauti haijulikani.) Wenye mzigo hasa ni wale wa kituoni: amtiliaye mafuta, utingo, madereva wenziwe, abiria apitaye mbele ya gari ili apande. Hao waweza kumwambia kwa utulivu, "Bwana, taa yako ya kuume haiwaki."

Naye dereva, kutokujua kwamfaa mpaka siku aambiwapo, wala si zaidi. Mbaya kuliko wote ni yule ajuaye, akaiinua juu kabisa nuru ya taa iliyobaki ili kuziba pengo. Huyo awapofusha wengine kwa upungufu wake mwenyewe.

Kuizunguka motakaa kabla ya safari hakumalizi dakika mbili. Balbu mpya ishikwe kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huufupisha umri wake. Na kama zile mbili zilitiwa siku moja, fundi mwenye busara hubadili zote pamoja, kwa kuwa ile nzima imewaka saa zile zile.