Kabla Hujanunua Cherehani ya Ngozi

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia hapa kibarazani kwangu, Ngamiani, Tanga, na mkoba wa ngozi aliouweka mezani kama mchezaji anayetupa turufu. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Lete tuuone." Alikuwa amejifunza kwa kutazama video kwenye simu kwa miezi minne, akakopa kwenye kikoba, akanunua ile cherehani ya Kichina ya kuzungusha kwa mkono, yenye shingo ndefu nyembamba. Ngozi nzuri. Rangi nzuri. Mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Nikaingiza kidole gumba ndani, pale mkanda unaposhikana na mfuko, nikakuta nundu. Tabaka tatu za ngozi nene zimerundikwa jinsi zilivyo, na uzi umepanda juu yake kama basi linalopanda tuta.

Nikamwuliza kisu chake kiko wapi. Akatoa mfukoni kijisu cha plastiki cha kukatia makaratasi, kile chenye wembe unaovunjwa vipande.

"Ndicho hiki tu?"

"Ndicho hiki, babu. Kazi yote inafanywa na mashine."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Nimwandikie yeye na wenzake, maana ninaowaona wakianza kazi ya ngozi siku hizi ni wengi, na karibu wote wanaanzia kwenye cherehani.

Sikumcheka, kwa sababu nami nilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1983 nilipata Singer 29K kuukuu kwa fundi aliyekuwa anafunga kazi. Mashine zile zilitengenezwa Clydebank, Scotland, na hiyo K ni ya Kilbowie, jina la kiwanda chenyewe. Mguu wake unazunguka pande zote. Unashona kwenda mbele, unageuza, unashona kurudi, na kiatu chenyewe hujakisogeza. Mkono wake mwembamba unaingia mpaka ndani ya ncha ya buti. Nilikuwa nalala nayo chumba kimoja. Msharasi wangu nikautupa kwenye kopo la misumari, na sindano zangu mbili nikampa mtoto wa jirani achezee.

Mwaka uliofuata mkunga mmoja wa upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akaniagiza mkoba wa kazi. Nikaushona siku moja, nikajisifu. Mkanda niliupitisha kwenye pete, nikaukunja, nikapiga cherehani juu ya ule mkunjo bila kuupunguza. Palibaki ngazi ndogo ya ngozi, kama milimita tatu, na mishono miwili mitatu imekaa juu ya ngazi hiyo. Kila hatua aliyopiga, ngazi ile ilisugua nyonga yake. Uzi ukaliwa mahali pamoja. Mwezi wa nane, akiwa kwenye pantoni katikati ya mto, mkanda ukafunguka. Ndani ya mkoba kulikuwa na chombo cha kupimia presha, vile vya zamani vya zebaki. Alinisimulia jinsi kioo kilivyopasuka na zebaki ikatawanyika kwenye sakafu ya chuma, vijipunje vinakimbizana kwa mtetemo wa injini, na watoto wanataka kuvishika naye anawazuia.

Hakunipigia kelele. Aliweka mkanda mezani, ncha ya uzi inaning'inia. Nikaivuta kidogo tu, mishono mingine sita ikaachia. Chombo kile nilikilipa kwa miezi mitano.

Sasa sikilizeni kwa nini iliachia. Cherehani inatumia nyuzi mbili: wa juu unashuka, wa chini unatoka kwenye bobini, na zinakabana katikati ya ngozi. Kila mmoja unabaki upande wake. Uzi wa juu ukikatika, wa chini hauna wa kuushika, na mishono jirani inaanza kulegea mmoja mmoja. Mshono wa mkono, ule wa sindano mbili, una uzi mmoja tu wenye sindano kila ncha. Katika kila tundu sindano ya kulia inakwenda kushoto, ya kushoto inakuja kulia. Nyuzi zinapishana ndani ya kila tundu, kwa hiyo ukikata mshono mmoja, ncha ya pili imeshapita na inashikilia. Ndiyo maana watengenezaji wa matandiko ya farasi hawajauacha mpaka leo, pamoja na mashine zote walizo nazo. Si kwamba cherehani ni mbaya. Pochi, bitana, ubavu wa mkoba, piga cherehani ule riziki yako. Lakini pale panapobeba uzito, kwenye pete, kwenye kifungo cha mkanda, kwenye gidamu ya kubadhi, rudi kwenye sindano mbili.

Uzi wake uwe mrefu mara nne ya mshono kama ngozi ni nene, uupake nta ya nyuki mpaka ushike vidoleni. Toboa kwa msharasi, sindano ya pili isiuchome uzi wa kwanza ndani ya tundu, na kila mara sindano ile ile itangulie. Ukibadilisha zamu katikati, mshono utakuonyesha, utapinda kama meno ya mtoto. Mwishoni rudi nyuma matundu mawili au matatu. Hayo ndiyo yote. Ugumu wake ni kuyafanya mara elfu bila kuchoka kuyafanya sawasawa.

Lakini mkunga yule hakuangushwa na uzi peke yake. Aliangushwa na ile ngazi, na ngazi ni habari ya kisu.

Fundi aliyenifunza, Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji wa makubadhi. Mwaka wa kwanza hakunipa sindano. Alinipa kipande cha msumeno wa chuma, akaniambia niyasage meno yake yote, ninoe makali upande mmoja tu, upande wa pili ubaki bapa, nizungushie mpira wa baiskeli pawe mpini. Akanipa na kipande cha marumaru kutoka kwenye ngazi ya jumba lililobomolewa. Kazi yangu ilikuwa kupara kingo za mabaki: kupunguza unene wa ngozi pembeni ili ikikunjwa au ikipandishwa juu ya nyingine isiache tuta. Jioni alikuwa akifumba macho na kupitisha ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, urefu wote. Akihisi mlima au shimo, anakitupa chini bila kusema neno, anachukua kingine.

Namna yenyewe ni hii. Ngozi ilale kifudifudi, upande wa manyoya chini kwenye marumaru, upande wa nyama juu. Mbao haifai, kisu kitaingia ndani yake. Kioo kinene kinafaa. Kisu kilale karibu ubavu wake uiguse ngozi, kisha kisukume mbele kwa mshazari, usikishindilie. Kikiwa kikali, kinachotoka ni utepe mwembamba unaojikunja kama ganda la kitunguu. Ukiona kinatoka unga au vipande vya kukatika-katika, simama. Kisu kimekufa. Rudi kwenye kinoo, kisha kipitishe juu ya ngozi iliyobandikwa ubaoni, ukikivuta kurudi nyuma, usikisukume kwenye makali. Kisiponyoa vinyweleo vya mkono wako, hakijawa tayari. Mkono unaoshika ngozi ukae nyuma ya makali wakati wote. Kovu hili kwenye shahada yangu ya kushoto nililipata kwa kisu butu, na vijana huwa hawaniamini wakisikia hivyo. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ikiteleza haichagui pa kwenda.

Kiasi gani? Mikanda miwili ya milimita 3 inayounganishwa ncha kwa ncha, kila ncha ishuke taratibu, zikipandana unene ubaki zile zile 3. Ukingo wa kukunja kwa milimita 8 upare kama milimita 16 kwa upana, maana mkunjo wenyewe nao lazima ukonde, na unene upungue kufikia nusu hivi. Usiende mpaka unene wa karatasi mahali ambapo uzi utapita. Nguvu ya ngozi iko kwenye nyuzinyuzi zake zilizosukana. Ukizikwangua zote, ulichobakiza ni rangi tu. Kwenye pete ndipo wengi wanapokosea kinyume changu. Wanapara sana pale pale panapozunguka chuma, penye mvuto wote. Pale punguza kidogo mno. Kinachotakiwa kukonda ni mkia wa mkanda unaorudi chini, ukonde kama mkia wa taa mpaka ulale na kupotea.

Kisu cha mwezi mchanga wanachotumia mafundi wa Ulaya, na ambacho sasa mnakiona kinauzwa mtandaoni kwa bei ya mbuzi mzima, si kitu kipya. Kimechorwa kwenye ukuta wa kaburi la waziri Rekhmire huko Thebes, Misri, yapata miaka 3,400 iliyopita, mafundi wa ngozi wamekaa na kazi zao. Kipande cha msumeno kinatosha kuanzia. Nakitumia mpaka leo.

Ipo pia mashine ya kupara. Mimi niliiona mara ya kwanza Mwanza, kwenye chuo cha teknolojia ya ngozi ambacho leo ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Kisu chake ni cha duara, kitupu ndani, kama kengele iliyolazwa ubavu, kinazunguka kwa kasi. Gurudumu dogo la jiwe au chuma linaivuta ngozi kuipeleka kwenye makali, na mguu wa juu unaamua unene gani ubaki. Ninachopara mimi kwa nusu saa, yenyewe inakimaliza kabla hujameza mate. Lakini haijui ngozi. Ngozi ya tumbo ni legevu, inavutika na kukunjamana chini ya mguu. Ya mgongoni imekaza, inapita sawa. Kipimo ulichokiweka kwa mgongo kitalitafuna tumbo. Anayejua hilo ni mkono uliokwisha kupara vyote viwili. Na ukizima mota, kisu kinaendelea kuzunguka kwa muda. Msiingize kidole kutoa mabaki kwa kuwa sauti imenyamaza.

Kuhusu cherehani, machache. Sindano ya nguo ina ncha ya mviringo, inasukuma nyuzi pembeni. Ya ngozi ina ncha yenye makali, inakata. Namba 110 maana yake unene wa milimita 1.1, na uzi ukiwa mnene kuliko tundu utachanika kabla ya kufika sokoni. Msifanye mishono midogo mno kwa kutafuta urembo. Matundu yakisongamana, mnageuza ngozi kuwa stempu ya posta, itachanika kwenye mstari.

Na gundi. Ile ya kopo, ya manjano, yenye harufu kali inayopanda kichwani. Ndani yake mara nyingi mna toluini au heksani, na heksani huua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono pole pole. Imewapata washona viatu Italia na Japani, wakaanza na ganzi vidoleni. Fanyeni nje, kibarazani, na kopo lifunikwe kila baada ya kuchota. Katika chumba chenye mtoto mchanga msilifungue kabisa.

Kuna mtu ataniambia mzee anaogopa mashine. Basi nimtume Morogoro. Kilijengwa pale kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine mpya kabisa, kikikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, robo tatu ziende Ulaya. Kuta zilikuwa za aluminiamu, katika joto la Morogoro, bila mfumo wa kupitisha hewa. Uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 ukasimama. Mashine hawakukosa.

Wazee wa pwani walisema ngozi ivute ili maji. Watu wanalitumia neno hilo kwa malezi ya watoto, na ni sawa, ila sisi tunalijua kwa mikono. Ngozi iliyoiva kwa magome, kama ya miwati ya Njombe, ikiloweshwa inakutii: inavutwa kwenye kalibu, ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Iliyoiva kwa kromiamu, ambayo ukiikata ukingo wake mara nyingi una ubuluu au ukijivu ndani, haikutii hivyo, inarudi ilikotoka. Yule kijana alikuwa amelowesha ya kromiamu usiku kucha, akashangaa mkoba kukataa kukaa mraba. Hakuna video iliyomwambia aangalie ukingo.

Kabla hajaondoka niliufumua ule mshono wa kwenye pete mbele yake. Alikunja uso, lakini hakuondoka. Tukapara mkia wa mkanda, zamu yake na zamu yangu, akatoboa kipande kizima katikati mara mbili. Mara ya tatu ulitoka utepe wa urefu wa kidole, akauinua kwenye mwanga akaucheka. Nikamwambia arudi Jumanne baada ya alasiri, na wenzake wakitaka waje. Mabaki ya ngozi ninayo magunia mawili. Kila mmoja aje na msumeno wake wa chuma, cherehani waziache nyumbani.