Maji Yasiyofika Tukuyu

Vita vya Majimaji havikufika Tukuyu. Ukiifuata kwa kidole nchi iliyowaka moto kuanzia Julai 1905, utaanzia Umatumbi, utapita Liwale na Mahenge, utashuka Ungoni, utapanda Ubena na Upangwa, kisha kidole kitakwama. Mbele yake kuna Milima ya Livingstone, na ng'ambo ya milima ni huku kwetu Rungwe, ambako mwaka ule watu waliendelea kupalilia migomba na kukamua ng'ombe wao chini ya boma la Mjerumani.

Jambo hili hunirudia zaidi wakati wa masika, kwa sababu sijui wilaya inayoyajua maji kuliko hii. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mawingu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, hugota Mlima Rungwe, hujimwaga. Tuna maziwa yaliyojaa ndani ya vinywa vya volkano, Ngozi na Masoko. Tuna Mto Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu. Nchi iliyolowa kiasi hiki ndiyo haikuyaonja maji ya Kinjikitile, mganga wa vita vile.

Wengi wetu tulimjua kwanza Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, yule wa tamthilia ya 1969, kabla ya kumjua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wazee wa Umatumbi walisimulia kwamba alichukuliwa na pepo hadi ndani ya bwawa, ndugu zake wakakesha ukingoni, na alipotoka nguo zake zilikuwa kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua dawa ya kuwakinga na risasi. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na nafaka, nayo yalikuwa na masharti: aliyeyapokea asipore mali, asilale na mwanamke wakati wa vita. Jeshi lilikuwa linawekewa mwiko kabla ya kupewa silaha. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Dawa yake iliendelea kusafiri bila yeye.

Tarehe 30 Agosti dawa hiyo ilifika mbele ya boma la Mahenge. Boma lilikuwa juu ya kilima, ndani yake ofisa Mjerumani von Hassel na askari wake, na bombomu mbili. Wapogoro walikuja kwanza, kwa maelfu, mchana kweupe, kwenye uwanda usio na mahali pa kujificha. Hawakunyatia. Walitembea. Hapo ndipo mimi husimama kila ninapolisoma tukio hili, kwenye mwendo wao. Mtu anayeamini nusunusu hukimbia au hutambaa. Hawa walikuja wima, safu nyuma ya safu, na safu ya mbele ilipoanguka ya nyuma ikapita juu yake. Wambunga walikuja baadaye kutoka upande mwingine, na kwa kuwa makundi mawili hayakufika pamoja, bombomu zilipata nafasi ya kugeuzwa.

Ni rahisi sana kuwahurumia kwa dharau, tukasema maskini, walidanganywa na mganga. Lakini watu wale hawakuwa wageni wa bunduki. Walikuwa na magobore yao wenyewe, waliijua risasi na kidonda chake. Nami sijaona tofauti kubwa kati yao na sisi tunaofumba macho na kuomba ulinzi basi linapoondoka Tukuyu kwenda Mbeya, ilhali tumeona matairi yake yalivyokwisha. Tunajua na tunaomba. Sidhani aliyepakwa maji kule Mahenge alikuwa amesahau lolote kuhusu risasi.

Kuna upande wa maji ambao husahaulika kwa sababu hauna mlio. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai, na kinachojitokeza katika habari zile ni jinsi dawa ilivyowaweka pamoja watu waliokuwa hawasalimiani. Wangoni walikuwa wamewavamia majirani zao kwa miaka mingi. Kulikuwa na damu ya zamani kati ya koo na koo. Mtu aliyekunywa maji yaleyale na adui wa baba yake amefanya kitu kizito, hata kama kesho yake risasi itampata.

Jambo hili wazee wa Rungwe wangelielewa mara moja. Monica na Godfrey Wilson, waliokaa huku miaka ya 1930 wakiandika mila za Wanyakyusa, walieleza namna watu walivyosali kwenye misitu ya matambiko, ukiwemo ule wa Lubaga, makao ya Lwembe, mtawala wa matambiko. Mzee huchukua maji mdomoni, kisha huyapuliza nje. Kabla ya hapo, wenye kinyongo lazima waseme. Kaka aseme alichomkasirikia mdogo wake, wazee waseme walichomnung'unikia mtawala. Iliaminika kwamba manung'uniko ya majirani yakifungiwa moyoni huwa baridi inayomwingia mkosaji mwilini, na kwamba mvua yenyewe inaweza kukatika kwa sababu ya hasira isiyosemwa. Maji yakipulizwa, hasira imetoka. Yakipulizwa na mtu aliyenyamaza na neno lake, ni mate tu.

Basi huwa najiuliza kama Rungwe haikwenda vitani mwaka 1905 kwa sababu ya milima, au kwa sababu ya woga, au kwa sababu ilikwisha kupigwa. Mwaka 1897 Wanyakyusa na Wakinga walikuwa wamepambana na Wajerumani wakashindwa kwa risasi. Mwaka huohuo, kwenye kituo cha Wamoravian pale Rungwe, alibatizwa Mkristo wa kwanza, mwanamke. Mambo mawili hayo yaliingia katika nchi moja ndani ya mwaka mmoja, na nadhani yote mawili yalitushika. Misioni zilikuwa zimeenea hadi Ubena, na kule hazikuzuia kitu: tarehe 19 Septemba 1905 Wabena na Wapangwa walivamia misioni ya Yakobi, karibu na Njombe, na Wakristo weusi wakapigana wakiwa ndani pamoja na mchungaji wao Mjerumani. Kwa hiyo siwezi kusema ni injili iliyotutuliza. Wala sitaki kuwavika wazee wetu aibu au busara ambayo hawakuidai.

Vita viliisha kwa njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, wakaacha uhaba wa chakula ufanye kilichobaki. Serikali yao ilikadiria Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alisema ni zaidi ya 250,000. Wazungu waliouawa walikuwa 15.

Ila kuna maji mengine, ya Songea, yanayonisumbua kuliko yale ya Mahenge. Miaka michache kabla ya vita, mmisionari mmoja wa Peramiho alikuwa amekichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi (mtawala) Mputa Gama, mahali ambapo Wangoni waliongea na wazee wao waliokufa. Vita vilipofika, Peramiho nayo ikachomwa. Wangoni walivunjika Oktoba 1905 pale Namabengo, na inasimuliwa kwamba wengine waliitupa dawa wakipiga kelele kuwa maji ni uongo. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa alinyongwa pamoja na makumi ya wenzake. Kabla ya kitanzi, padri Mbenediktini alikwenda gerezani kuwafundisha, na wengi wao wakabatizwa.

Nimejaribu kumfikiria mmoja wa waliobatizwa mle. Ndani ya miezi michache amepokea maji mara mbili, na yote mawili kwa ahadi kwamba kifo hakitamshinda. Siwezi kujua alichokuwa nacho moyoni alipoinamisha kichwa mara ya pili, na naogopa wahubiri wanaodai kujua. Ninachokiona ni kwamba pale gerezani hapakuwa na muda wa neno lolote kutangulia. Kibanda cha mahoka hakikusemwa. Kanisa lililochomwa halikusemwa. Lubaga wangemrudisha padri nyuma, wangemrudisha na mfungwa, wakae chini kwanza, kila mmoja aeleze kilichomkera mbele ya mwenzake, ndipo birika liletwe.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika kwenye makumbusho ya Majimaji, Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Alisema vizuri, na miaka 117 si kitu kwa Mputa na wenzake walionyongwa. Hata hivyo kwa utaratibu wa huku kwetu, mkosaji akishasema, zamu inakuwa ya aliyekosewa, naye hapaswi kuwa na haraka ya kupokea. Atataja fuvu la Songea Mbano, nduna (jemadari) wa Wangoni, ambalo kwa masimulizi ya Songea lilichukuliwa Ujerumani. Atataja mashamba. Na kama kikao hicho kingefika Rungwe, nasi tungetakiwa kusema tulikuwa wapi.